Kujuana siyo kubebwa

Mwenzenu nimeadimika kidogo, nipo nyumbani Ngorongo kwa likizo fupi kabla ya kurudi Mlimani kumalizia semista ya mwisho. Kwa wasiopajua, huku ni Rufiji. Ukifika Kibiti unaiacha barabara ya Kilwa, unashika njia ya Mkongo kuelekea Mloka. Mtandao wa kueleweka naupata chini ya mwembe mmoja tu, na chini ya mwembe huo tupo mimi, watoto wa jirani na mbuzi. Kwa hiyo mkikuta herufi zimerukwa, mlaumuni mbuzi.

Juzi jioni alikuja mzee mmoja jirani yetu, rika la baba, kunijulia hali. Tukasalimiana weee... za Dar, za masomo, za wenzako, za safari, zote njema. Halafu akaniuliza swali moja ambalo mpaka leo linanikereketa: "Sasa mwanangu, ukimaliza huko, una mtu?"

Hakuuliza nasoma nini. Hakuuliza kama nafaulu. Aliuliza kama nina mtu, na nyie wote mnajua maana yake: mjomba wizarani, shangazi benki, baba mdogo bandarini. Nikamjibu, "Baba, sina." Akanitazama kama mtu aliyefiwa, akasema Mungu mkubwa, akaaga.

Nimekaa na swali hilo siku mbili. Na mimi siyo wa kulifanyia mzaha. Aprili 2024 maji ya mto Rufiji yalipofunika mashamba bondeni, mpunga wetu ulikwenda wote. Mwaka ule nilisoma kwa bumu na hela ya ufuta wa bibi. Mdogo wangu yupo kidato cha nne na nyumba nzima inahesabu kwamba mimi nikipata kazi, yeye atasoma. Kwa hiyo nikizungumzia kazi sipigi stori za kijiweni, nazungumzia ada ya mtu ninayemfahamu kwa jina.

Tukubaliane kwanza kwamba mzee yule hana makosa. Ana macho, ana redio. Mwezi Juni 2014 watu zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa kufanya usaili wa Idara ya Uhamiaji, nafasi zilikuwa 70. Mwaka huohuo ajira nyingine za idara hiyohiyo zikasimamishwa baada ya malalamiko kwamba ndugu wa wafanyakazi wamependelewa. Juzijuzi tu, mwaka 2025, TRA ilitangaza nafasi 1,596 na walioitwa kwenye usaili walizidi 100,000. Sasa mtu akiona hesabu kama hizo, akaona na mtoto wa fulani kapata bila kupanga foleni, utamwambiaje kwamba kinachotakiwa ni cheti tu?

Lakini naona sisi wanafunzi tumeliweka swali lile vibaya, na linatugharimu. Tumechanganya kujuana na kubebwa. Kubebwa ni mtu kukupa nafasi kwa sababu wewe ni wa fulani, uwe unaijua kazi au huijui. Kujuana ni mtu kukufahamu unafanyaje kazi kabla tangazo halijatoka. Kwa nje vinafanana, maana vyote vina simu na majina ya watu. Matokeo yake wale wasio na mjomba wanakaa chumbani wakisema "nchi hii bila kujuana huendi", kisha hawatoki kwenda kujuana na mtu yeyote. Mimi nilikuwa mmoja wao, halafu nikatoka vibaya. Ngoja niwasimulie.

Mwaka jana kulikuwa na siku ya waajiri chuoni. Mnakumbuka, meza zimepangwa, vitambaa, kalamu za bure. Mwenzenu nilijiandaa kama bi harusi. Nikaazima viatu vya mwenzangu wa chumbani (namba moja chini ya yangu, nilitembea kama bata), nikachapisha CV 20 kwa hela ya kula ya siku tatu. Nikapita meza kwa meza. Kila meza maneno yaleyale: "Habari, naitwa fulani, nasoma mambo ya samaki, naomba kazi au hata sehemu ya kujitolea, hii hapa CV yangu." Dakika moja, meza inayofuata. Saa kumi nilikuwa nimezimaliza zote 20 na najiona shujaa.

Saa kumi na moja nikapita tena nikielekea Yombo. Kwenye meza ya kampuni moja, jina nalihifadhi, wamefungasha na kuondoka. Rundo la CV limebaki, na juu ya rundo chupa mbili za maji zimeacha duara la unyevu. Ya juu kabisa ilikuwa yangu. Sikulia, ila nilikaa kwenye ngazi pale kwa muda mrefu.

Nilikasirika na kampuni ile wiki nzima. Hasira ilipoisha nikajiuliza, hivi yule bwana alipata nini cha kumfanya anikumbuke? Alipita kwake msichana wa mia tatu, akamwambia "naomba", akamwachia karatasi, akakimbia. Mbele yangu kulikuwa na dada mmoja tunasoma naye. Hakuwa na CV hata moja. Alimuuliza yule bwana mzigo wao huwa unaharibikia wapi zaidi, bandarini au njiani. Yule bwana akavuta kiti! Wakaongea mpaka sisi wa nyuma tukaanza kuguna. Mimi nilimwona anachelewesha foleni. Kumbe alikuwa anaonyesha anavyofikiri.

Nilipokuja nyumbani nikamsimulia bibi habari ya zile chupa. Akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaniuliza, "Wewe ukifika kwenye dungu la mtu usiyemjua, unafanyaje?" Kwa wasiojua, dungu ni kile kibanda kirefu cha miguu tunachojenga shambani bondeni, kulinda mazao. Nikamjibu kama alivyonilea: unapiga hodi ukiwa mbali, unasubiri uitikiwe, unasalimia, unasema wewe ni nani na umetokea wapi, unauliza za shamba, unasikiliza. "Chumvi je?" Siku ya kwanza huazimi chumvi. "Basi wewe," akasema, "umeingia madungu ishirini kwa siku moja, kote unaazima chumvi."

Jamani! Miaka mitatu chuo kikuu, kumbe somo nimeliacha shambani.

Ndiyo maana huwa nashangaa tunapoambiwa kwamba kujitambulisha kwa waajiri ni ustadi wa watu wa Ulaya, sijui uwe na kadi, sijui ushike mkono hivi. Sisi tumelelewa kwenye salamu. Mtoto wa Rufiji akifika ugenini anajua kupiga hodi, anajua asikae kabla ya kukaribishwa, anajua kuuliza hali kabla ya shida. Kisha tukivaa tai tunasahau yote, tunakuwa wadai.

Basi niwasimulie mara ya pili, ambayo ilienda vizuri zaidi. Nilikuwa nafanya utafiti wangu wa mwaka wa mwisho, habari za barafu na kuharibika kwa samaki, pale soko la Feri, Magogoni. Nikawa nafika alfajiri kabla ya mnada kuchangamka. Pale nikamwona mama mmoja, kanga kiunoni, ndala, simu mbili. Anachagua samaki kwa kasi ya ajabu, hii ndoo anachukua, ile anaikataa bila hata kuinama. Nikamfuata. "Shikamoo mama." "Marahaba binti." Nikajitambulisha: mwanafunzi, nyumbani Rufiji, baba yangu anavua kambale na perege. Nikamwambia, "Mama, nimekuangalia, ile ndoo umeikataa kabla hujaigusa. Umeona nini?"

Akanitazama kwanza. Kisha akaniita karibu, akafunua mashavu ya samaki, "Ona huku, pamepauka. Na jicho limezama. Huyu kalala nje bila barafu." Nikamwambia kwetu maji ya joto kambale baba anamnusa kwanza ndipo anamtazama. Akacheka, akasema baba yako anajua kazi. Dakika kumi hivi. Sikuomba kitu isipokuwa kimoja: kama naweza kurudi Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nimuulize maswali matano ya utafiti. Akasema njoo.

Jumamosi ile mvua ilinyesha, mnaijua mvua ya Dar, daladala zinajificha. Nilifika saa kumi na mbili kasoro dakika tano nimelowa kama kuku. Akaniambia, "Nilijua huji." Nafikiri ni hapo aliponiweka kichwani, hapo na siyo kwenye shikamoo.

Nilipomaliza utafiti nilimwandikia ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida, mambo matatu niliyoyaona pale sokoni ambayo yanaweza kumpunguzia hasara. Hakuniomba, nilimpelekea tu na asante. Akausoma amesimama. Ndipo akaniuliza, "Hivi wewe unamaliza lini?" Wadau, kumbe yule mama wa ndala ndiye anayesimamia manunuzi ya kampuni moja ya kuhifadhi samaki, na watu wa kitengo chake anawachagua yeye! Nilifanya mafunzo kwa vitendo kwao wiki nane. Nafasi ya kuajiriwa hawakuwa nayo, aliniambia ukweli. Ila ametoa jina langu kwa mtu mmoja Mafia ambaye mimi simjui kabisa, na mwezi ujao nimeitwa kwenda kuongea naye. Sijapata kazi bado. Msije mkaniomba pilau.

Huyo mtu wa Mafia ndiye anayenifikirisha. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika makala maarufu mwaka 1973 kuhusu nguvu ya mahusiano hafifu. Aliwauliza watu wa Newton, karibu na Boston, wale waliopata kazi mpya kupitia mtu, huyo mtu walikuwa wanaonana naye mara ngapi. Waliosema wanaonana naye mara kwa mara walikuwa kama mmoja katika sita. Wengi walisema ni mtu wa kuonana naye mara chache, wengine kwa nadra sana. Sababu ni rahisi: marafiki zako wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua wewe. Sisi wote chumbani tunasoma tangazo moja na kulisambaza kwenye grupu lilelile. Habari mpya inatoka kwa mtu wa mbali kidogo, mliyeonana mara mbili tatu.

Sasa angalieni uzuri wake kwa sisi watoto wa vijijini. Mjomba wizarani anazaliwa naye mtu, huwezi kumtafuta. Lakini mtu wa kuonana naye mara mbili kwa wema, huyo hata mtoto wa Ngorongo anaweza kumpata. Inataka nauli, inataka adabu, na inataka uwe na kitu unachokijua kweli, maana ukivuta kiti ukaulizwa swali la pili ukawa mtupu, umejiharibia kuliko aliyeacha CV.

Naomba niseme na haya madogo madogo, kwa sababu naona tunabishana sana kwenye korido.

Shikamoo. Wapo wanaosema ofisini ni ushamba. Mimi nasema mtu anayeonekana dhahiri kukuzidi umri mpe shikamoo yake, hajawahi kufa mtu. Ila kijana wa miaka 30 na ushee, meneja, ukimpiga shikamoo mbele ya wenzake unamzeesha, "habari za kazi" inatosha. Na jamani, wanaume, mama wa watu amekaa na cheo chake, msimwite "dada" kwa sauti ya kuagiza chipsi.

Simu. Kama umempa mtu namba yako, ule mlio wa muziki unaolia kwa anayekupigia, na ile picha ya WhatsApp umekaa juu ya gari la mtu, vinaongea kabla yako. Ukituma ujumbe jitambulishe. "Mambo" peke yake, halafu kimya, siyo ujumbe.

Asante. Ukishasaidiwa, rudi useme imekuwaje, hata kama haikuwa. Wengi tunarudi tu tukiwa na shida nyingine.

Halafu kuna hili, na dada zangu mnalijua kuliko mimi ninavyoweza kuliandika. Ushauri wa "jichanganye na watu, omba namba" unatolewa kana kwamba wote tunatembea barabara moja. Siku ileile ya waajiri, bwana mmoja aliichukua CV yangu na jioni akanipigia: tuonane Sinza saa mbili usiku, "tuongee vizuri habari ya nafasi yako". Nikamwambia naweza kuja ofisini kwake asubuhi. Hakupiga tena. Kuna mwenzangu aliniambia nimechezea bahati. Bahati gani hiyo? Kudai ngono ili kumpa mtu kazi ni kosa la jinai, lipo kwenye kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Kipimo changu ni kimoja: kujuana kwa kweli kunafanyika mchana, mahali penye watu, na kunahusu kazi. Kikihamia usiku kimebadilika jina. Na nyie kaka zetu, mkiona mwenzenu anaitwa hivyo msicheke, msindikizeni.

Najua kuna watakaonipinga: eti ninachosifia ni mlango uleule wa nyuma, nimeupaka rangi tu. Hoja hiyo naiheshimu. Ndiyo maana natenganisha. Kazi za umma ni za wote, zinalipwa kwa kodi ya huyo mzee jirani yangu. Hizo zipitie Sekretarieti ya Ajira, tangazo liwe wazi, mtihani uwe mmoja, na mimi sitaki kumjua mtu yeyote pale. Mtu akikupigia kwamba ana "njia", kaa mbali, kwanza ni mwizi, pili hata akiwa mkweli anamwibia mtoto wa mtu mwingine. Lakini mwenye duka lake, mwenye kampuni yake, anayetaka kujua kama nitafika saa kumi na mbili mvua ikinyesha, huyo ana haki ya kujua, na karatasi haiwezi kumwambia. Nikimwonyesha mapema sijamnyang'anya mtu.

Na bado haki haijakamilika, nakiri. Mwenzangu anayeishi Dar anaweza kwenda Feri kila alfajiri, mimi nilikula mlo mmoja kwa siku ili nipate nauli ya kufanya hivyo. Kuna vijana wa hapa Ngorongo wenye akili kunizidi ambao hawajawahi kukutana na mwajiri hata mmoja ana kwa ana. Mradi wa bwawa la Julius Nyerere ulipoanza 2019, huko juu ya mto wetu, wengi walipanda magari kwenda kutafuta vibarua. Waliorudi na ufundi mkononi walikuwa wale waliomganda fundi mmoja, wakambebea vifaa na kumuuliza kila kitu. Hawakuita hiyo kitu jina lolote. Walikuwa wanapiga hodi.

Kwa hiyo jana nimeenda kwa yule mzee kumrudishia jibu lake. Nikamkuta anasuka wavu nje. Shikamoo, marahaba, za tangu juzi, njema. Nikamwambia, "Baba, uliniuliza kama nina mtu. Sina wa kunibeba. Ila kuna mama mmoja Dar anajua nafika kwa wakati, na kuna mtu Mafia ameshasikia jina langu."

Akaendelea kusuka kidogo. Kisha akasema, "Mafia? Kuna mtu wangu nilivua naye zamani, yupo Kilindoni. Ukifika msalimie, mwambie unatoka kwangu." Akanitajia jina. Nikamuuliza nimpe salamu tu? Akasema salamu tu, siku ya kwanza.

Sijui kama bibi alishaongea naye...

Haya wadau, chaji imebaki kidogo na mbuzi ameanza kuitamani daftari yangu. Nikirudi Mlimani tuonane kafeteria, mje na hadithi zenu za siku ya waajiri, hasa wale waliokuwa wananiguna kwenye foleni. Na yule mwenye viatu, nimeshavipaka kiwi, narudi navyo.

Naomba kuwasilisha.